Milton Erickson: Daktari aliyeishi na maumivu na kuwafundisha wengine kuyapunguza

Kwa wafanyabiashara wengi wa mpaka wa Rusizi, kichwa kuuma si habari. Mtu ameamka usiku wa manane kufuata mzigo Bugarama, amefika Kamembe bila kula, amesimama foleni juani akisubiri kuvuka daraja kwenda Bukavu, na kichwani ana beseni na hesabu ya deni. Jioni anarudi na maumivu yaliyoanzia shingoni yakapanda hadi kwenye macho. Anameza vidonge viwili, analala, na kesho yake anaanza upya. Wako ambao fundo la kitenge lina mambo mawili siku zote: faranga na vidonge vya maumivu.

Shida ni kwamba vidonge hivyo vikizidi huanza kuleta ugonjwa ule ule vilionunuliwa kuutibu. Madaktari wa neva wameweka mipaka iliyo wazi: anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayosababishwa na dawa zenyewe. Kwa dawa kali zaidi, au zile zilizochanganywa, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Mtu wa namna hiyo akiambiwa apunguze vidonge, swali lake la kwanza ni la haki kabisa: aweke nini mahali pake?

Moja ya majibu ambayo tiba inayakubali, ingawa katika ukanda huu halisemwi sana na wengi hulidhania kuwa ni uchawi, ni hipnosisi. Na aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi kuitoa hipnosisi kwenye majukwaa ya wacheza mazingaombwe na kuiingiza kwenye vyumba vya madaktari ni Mmarekani mmoja aliyekuwa mgonjwa sugu mwenyewe, Milton Erickson.

Alizaliwa tarehe 5 Desemba 1901 katika kijiji cha wachimba fedha kiitwacho Aurum, jimbo la Nevada. Nyumba yao ilikuwa ya magogo, sakafu ya udongo, kuta tatu za miti na ukuta wa nne ukiwa ni mlima wenyewe. Baadaye familia ilipanda gari la kukokotwa ikaelekea mashariki hadi Wisconsin, ikaanza kilimo. Huko alikulia miongoni mwa ndugu wengi, akikamua ng'ombe na kulisha nguruwe.

Hakuwa mtoto aliyetazamiwa makubwa. Alichanganya herufi na tarakimu. Kwa muda mrefu hakuona tofauti ya 3 na m. Alisoma kamusi ukurasa kwa ukurasa kuanzia A kwa sababu hakuelewa kwamba mtu anaweza kurukia moja kwa moja neno analolitaka, na wenzake shuleni wakamwita Kamusi. Hakutambua tuni za muziki. Rangi nyingi hakuziona vizuri pia. Zambarau aliifurahia, na ndiyo maana uzeeni alipenda kuvaa nguo za zambarau tangu shati hadi soksi.

Mwaka 1919, akiwa na miaka 17 na ametoka tu kumaliza sekondari, alishikwa na polio. Akiwa amelala chumbani alisikia madaktari watatu wakimwambia mama yake kwamba kijana hatafika asubuhi. Baadaye alisimulia kwamba kilichomshika wakati ule kilikuwa hasira zaidi ya hofu: mama aambiwe vipi jambo kama hilo? Akamwomba mama asogeze kabati, tena kwa pembe fulani. Mama alidhani mwanawe ameanza kuweweseka, lakini alisogeza. Kumbe kabati lilikuwa linamzuia kuona dirisha la upande wa magharibi, na kijana alikuwa ameamua kwamba kama ni kufa, hatakufa kabla ya kuliona jua likizama mara moja tena. Aliliona, kisha akapoteza fahamu siku tatu.

Alipozinduka hakuweza kusogeza chochote isipokuwa macho, na kuongea kwa taabu. Nyumbani walimkalisha kwenye kiti cha kubembea. Siku moja waliondoka wote wakamwacha mbali na dirisha. Alitamani sana kuona nje, na akiwa katika kutamani huko akahisi kiti kimeanza kubembea kidogo sana. Mwili ambao haukutii amri ulikuwa umejibu tamaa. Kuanzia hapo alikaa siku nyingi akikumbuka, kiungo baada ya kiungo, jinsi mkono ulivyokuwa unahisi unaposhika mpini wa jembe, jinsi vidole vilivyokuwa vinashika tawi. Wakati huo huo mdogo wake wa kike alikuwa anajifunza kutembea, naye akawa anamtazama: anavyotanua miguu, anavyohamisha uzito, anavyoanguka. Akajifunza upya kutembea kwa kumwiga mtoto mchanga.

Ni hadithi inayosimuliwa mara nyingi, na msimulizi wake mkuu alikuwa Erickson mwenyewe, ambaye alikuwa bingwa wa kutia chumvi pale ilipofaa. Lakini kwamba aliugua, kwamba alipooza, na kwamba chini ya miaka miwili baadaye alikuwa chuo kikuu akitembea kwa magongo, hayo hayana ubishi.

Karo alichangia kwa kuuza vitabu mashambani. Wafanyabiashara wataupenda mkasa wake mmoja. Mkulima aliyemkuta alikuwa analisha nguruwe, na alimweleza waziwazi kwamba hasomi, hanunui, na kijana aende zake. Erickson aliomba tu kuongea naye wakati anaendelea na kazi. Huku akiongea aliokota kipande cha ubao na kuwakuna nguruwe migongo, bila hata kufikiri, kwa sababu ndivyo mtoto wa shamba anavyofanya akisimama karibu na nguruwe. Mkulima aliona. Mtu anayejua nguruwe anapenda kukunwa wapi hawezi kuwa tapeli. Alinunua, akamkaribisha chakula cha jioni na pa kulala. Erickson alisema baadaye kwamba tiba yake yote ilikuwa na kitu cha siku ile: hakumsukuma mteja, alianza na kile ambacho mteja tayari anakijali.

Katika likizo ya mwaka 1922 alifanya jambo ambalo daktari yeyote angelikataza. Alipakia mtumbwi chakula kidogo, vitabu na pesa zisizofika hata dola tano, akaenda kwa mito hadi Mississippi na kurudi, safari ya maili 1,200 hivi, yaani zaidi ya kilomita 1,900. Mwanzoni hakuweza hata kuutoa mtumbwi majini. Njiani alipika kwa ajili ya wavuvi, akafanya vibarua kwa wakulima, akapewa samaki kwa kubadilishana na hadithi. Alirudi na kifua kipana, mabega yenye nguvu, na pesa nyingi kuliko alizoondoka nazo. Mguu wa kulia ulibaki kuchechemea maisha yote.

Ilikuwa mwaka 1923, chuoni Wisconsin, alipomwona Profesa Clark Hull akionyesha hipnosisi mbele ya wanafunzi. Alivutiwa kiasi kwamba alimwomba mmoja wa waliohipnotishwa akubali kujaribiwa tena, safari hii na yeye.

Jambo lenyewe halikuwa geni. Karne ya 18 Franz Anton Mesmer alikuwa amewashangaza watu wa Paris akidai ana nguvu ya sumaku inayotoka mwilini mwake, hadi tume ya mwaka 1784, iliyomjumuisha Benjamin Franklin, ilipochunguza na kuona kwamba nguvu hiyo haipo na kinachofanya kazi ni fikra za mgonjwa. Mwaka 1843 daktari James Braid wa Manchester aliliandikia kitabu na kulipa jina tunalolitumia. Miaka hiyo hiyo ya 1840 mpasuaji Mskoti, James Esdaile, alikuwa Bengal akikata uvimbe mkubwa kwa wagonjwa waliotulizwa kwa njia hiyo, kabla dawa ya nusukaputi haijafika. Ilipofika, kazi yake ilisahauliwa haraka.

Hull alitaka kuifanya hipnosisi ipimike: maneno yale yale kwa kila mtu, kama kipimo cha dukani. Erickson hakukubaliana naye. Alishika kwamba daktari hana nguvu yoyote anayoiingiza ndani ya mgonjwa. Anayefanya kazi ni mgonjwa, na daktari humfungulia mlango tu. Kwa lugha nyepesi, hipnosisi ni hali ya umakini mkubwa ambamo mtu anaikusanya akili yake mahali pamoja, mwili ukatulia, na picha au maneno yakawa na uzito kuliko kawaida. Hajalala. Anasikia, na analokataa anaweza kulikataa. Anayeshona mkeka akasahau chai iliyopoa pembeni amekaribia hali hiyo bila kuambiwa na mtu.

Alihitimu udaktari mwaka 1928 na kubobea katika magonjwa ya akili. Alifanya kazi katika hospitali ya Worcester, Massachusetts, kisha kuanzia 1934 Eloise, Michigan. Wakati wa miaka ya vita mwanaanthropolojia Margaret Mead alimtafuta ili amsaidie kuelewa filamu za watu wa Bali wanaocheza ngoma wakiwa wamezama katika hali isiyo ya kawaida. Watu wa Maziwa Makuu, ambao mababu zao walijua kubandwa na Ryangombe, hawatashangaa kwamba mtaalamu alihitajika. Erickson hakuichukua hali ile kama pepo wala kama ugonjwa. Alitazama mwili: pumzi, kope, jinsi mkono unavyoshuka.

Mwaka 1948 alihamia Phoenix, Arizona, mji wa joto kavu, kwa sababu ya afya. Alitibu watu nyumbani. Sebule ndiyo ilikuwa chumba cha kusubiria, na wagonjwa walikaa humo pamoja na watoto wake wanane wakipita, mbwa na michezo sakafuni.

Hapo ndipo ugonjwa ulimrudia. Alipovuka miaka 50, misuli ilianza upya kudhoofika na kukakamaa. Siku zile ilidhaniwa ni polio ya pili. Leo madaktari wanaitambua kama hali inayowapata wengi waliowahi kuugua polio miongo kadhaa baadaye. Mikazo ya misuli ilikuwa mikali, usiku ilimwamsha, na mwaka baada ya mwaka alipoteza nguvu ya mikono, miguu, hata ulimi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu.

Alijitibu kwa hipnosisi ya kujifanyia mwenyewe. Wanaoiuza kama muujiza hupenda kuruka sehemu hii: maumivu hayakuisha. Alieleza kwamba akiamka asubuhi ilimchukua yapata saa nzima kuyaondoa, na kwamba alipokuwa kijana ilikuwa rahisi zaidi. Siku nyingine alishindwa kwa muda, akaanza tena. Ilikuwa kazi ya kila siku, kama kuteka maji. Lakini baada ya saa hiyo alipokea wagonjwa, akafundisha, akaandika.

Kutokana na mwili wake na wagonjwa wake alitoa wazo ambalo kila mwenye kipandauso atalitambua. Maumivu anayoyahisi mtu sasa hivi, alisema, ni kama theluthi moja tu ya mateso. Theluthi nyingine ni kumbukumbu ya maumivu yaliyopita, na iliyobaki ni hofu ya yatakayokuja. Mama anayejua kwamba kesho ana mzigo wa kuvusha, na anahisi dalili za kwanza nyuma ya jicho, ameanza kuteseka kabla kichwa hakijauma. Anakumbuka Jumanne iliyopita alipotapika njiani, anaona wateja watakavyomkimbia, shingo inakaza, na kukaza huko kunakileta kile anachokiogopa. Hipnosisi huanza kwa kulegeza hizo theluthi mbili.

Njia alizoziorodhesha katika maandishi yake ya mwaka 1967 ni nyingi, na hakupenda kuanza na ile ya kumwamuru mgonjwa asihisi kitu. Pengine aliyahamisha maumivu: mgonjwa wa saratani akajifunza kuyahisi mkononi badala ya tumboni, mahali ambapo hayamtishi. Pengine aliyabadilisha, kichomi kikawa joto, au uzito, au kuwasha tu. Pengine alifupisha muda, dakika kumi za mateso zikapita kama sekunde chache. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakufa kwa saratani, asiyeamini kabisa mambo haya, aliulizwa angehisi maumivu kiasi gani iwapo chui milia mwenye njaa angeingia mlangoni sasa hivi. Alilielewa swali. Tangu siku hiyo alikaa na chui wake chini ya kitanda, na wauguzi wakashindwa kuelewa kwa nini hataki sindano.

Mgonjwa wake anayekumbukwa zaidi alikuwa mkulima wa maua aitwaye Joe, mwenye saratani usoni na shingoni, ambaye alikuwa hawezi kuongea na alichukia hata neno hipnosisi. Erickson hakulitaja. Alikaa akamweleza kuhusu mche wa nyanya: mbegu inavyotiwa udongoni, mvua inavyoileta amani, mzizi unavyokua taratibu, mche usivyokuwa na haraka. Katikati ya habari za nyanya aliyadondosha maneno ya utulivu, ya raha, ya usingizi mzuri. Joe alikula vizuri zaidi, akalala, na kwa wiki kadhaa akahitaji dawa kidogo sana. Alikufa kwa saratani yake, kama ilivyotazamiwa. Erickson hakudai kwamba nyanya zimeitibu.

Si kila mtu alimkubali. Wapinzani walisema, na bado wanasema, kwamba simulizi zake ni nzuri mno, kwamba hakulinganisha kundi moja la wagonjwa na jingine, na kwamba walioshindwa kupona hawasimuliwi. Ni hoja nzito. Lakini taaluma haikuisubiri hadithi yake peke yake. Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali hipnosisi kama njia ya tiba mwaka 1955, cha Marekani mwaka 1958. Mwaka 1957 Erickson na wenzake waliunda chama cha Marekani cha hipnosisi ya tiba, na jarida lake alilihariri miaka kumi. Mwaka 1996 jopo lililoitwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani liliona ushahidi wenye nguvu kwamba hipnosisi hupunguza maumivu ya saratani. Kwa kichwa na kipandauso, tafiti nyingi ni ndogo, ila zinaelekea upande mmoja: wengi wanaojifunza na kurudia hupata nafuu, wachache hawapati kitu.

Na kwa wanaouliza kama muumini anaweza kuikubali, Papa Pius wa 12 aliligusa suala hilo mwaka 1957 akihutubia madaktari wa nusukaputi: hipnosisi ikiwa mikononi mwa tabibu, kwa lengo la tiba na kwa tahadhari za sayansi na maadili, aliiweka kando ya njia nyingine za kutuliza maumivu. Michezo ya jukwaani ni jambo jingine.

Kinachofundishwa leo kwa mwenye kichwa kinachouma mara kwa mara si kigumu kukieleza. Mtu hukaa mahali salama, kamwe si akiwa barabarani au kwenye pikipiki, akakazia macho kitu kimoja, akapumua taratibu hadi kope zilegee. Kisha anawaza mkono wake umezama katika maji baridi, mathalani ya ziwa Kivu alfajiri, hadi mkono uanze kufa ganzi. Ganzi hiyo anaihamishia kichwani kwa kuuweka mkono penye maumivu. Dakika 10 au 15 kila siku, hata siku ambayo kichwa hakiumi, kwa sababu anayengoja dhoruba ndipo ajifunze kuogelea amechelewa. Walimu wazuri husisitiza kuanza na mtaalamu wa afya aliyefundishwa, na kumkimbia anayedai malipo makubwa kwa ahadi ya kuponya kila kitu.

Tena kichwa chapaswa kupimwa kwanza. Maumivu yaliyokuja ghafla kama radi, yenye homa na shingo kukakamaa, yenye kupooza upande mmoja au kuona ukungu, yaliyoanza baada ya kuanguka, au yanayompata mama mjamzito, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, iwe Gihundwe, Mibilizi au ng'ambo Bukavu. Malaria na shinikizo la damu havisikilizi hadithi za nyanya. Kwa kichwa sugu kisichopata jina, kuna wataalamu wa neva Kigali, Ndera ikiwamo. Na aliyezoea vidonge kila siku asiviache kwa pupa bila kumwambia daktari.

Erickson mwenyewe aliendelea kufundisha hadi wiki ya mwisho. Katika miaka yake ya mwisho aliona vitu viwili viwili, alisikia kwa shida, na mkono wa kulia ulikuwa umebaki wa kusaidiwa na wa kushoto. Wanafunzi walitoka nchi mbalimbali wakajibana katika nyumba ndogo nyuma ya yake, na kabla ya kuwapokea wengine aliwatuma wapande mlima ulio karibu, uitwao siku hizo Squaw Peak, kisha waje wamweleze walichokiona. Alifariki tarehe 25 Machi 1980, akiwa na miaka 78. Mkutano wa kimataifa uliokuwa umeandaliwa kwa heshima yake ulifanyika Phoenix Desemba mwaka huo bila yeye, na watu wapatao 2,000 walihudhuria. Majivu yake yalikuwa yameshatawanywa juu ya mlima ule, ambao kwa miguu yake mwenyewe hakuweza tena kuupanda.